Laini ya Mama Hazina

Tarehe tano ilikuja ikapita, simu haikulia. Mama Hazina hakushtuka, maana serikali nayo ni watu, huchelewa. Tarehe sita akaichaji simu mpaka ikajaa, asije akasema betri ndiyo iliyomponza. Tarehe saba akaizima na kuiwasha mara tatu. Tarehe nane ujumbe ukaingia. Akauelekeza uso wa simu kwenye mwanga wa dirisha, akausoma kwa kidole, neno baada ya neno: Ndugu mnufaika, malipo yako yamesitishwa. Kaya yako haina sifa. Asante kwa ushirikiano.

"Ushirikiano gani huo?" akamuuliza binti yake.

Binti hakujibu. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumjibu mtu. Alizaliwa kwa taabu, mwili ukakua na maneno yakabaki huko yalikobaki. Mchana alikaa kwenye kiti cha magurudumu kando ya dirisha, kichwa kimelalia bega, na mama yake akimsemesha toka asubuhi mpaka taa izimwe. Anayeishi na asiyesema, ama naye hunyamaza, ama huzungumza kwa wawili, na Mama Hazina alizungumza kwa wawili.

Pesa yenyewe haikuwa nyingi. Mtu wa mshahara angeweza kuisahau kwenye suruali chafu. Lakini maji ya kifuu bahari ya chungu: ilinunua vidonge vya kifafa vya mwezi mzima na nepi za mtu mzima, na ikibaki, ikanunua sabuni. Chakula alikitafuta mwenyewe kwa pasi. Majirani walimletea mashati na sare za shule, akazinyoosha pale pale chumbani kwa pasi ya mkaa, jicho moja kwenye kola na jingine kwa binti. Siku ile ya ujumbe alivihesabu vidonge kwenye kichupa. Vilikuwa kumi na vinne, yaani siku saba.

*

Jumamosi wanawake walikuja kama kawaida, na kwa kawaida kila mmoja alikuja na kelele zake. Pamoja na mwenyeji walikuwa ishirini na wawili, na chama chao kilikuwa cha kuuguzana na kuzikana. Kila wiki mtu alituma mchango wake kwenye simu ya Mama Hazina, papo hapo mbele ya wenzake, ujumbe ukiingia mwenye simu anausoma kwa sauti na mwenyekiti anauandika daftarini. Aliyelazwa akasaidiwa, aliyefiwa akasitiriwa.

Walimpa yeye kazi hiyo kwa hesabu rahisi sana. Binti hawezi kuachwa zaidi ya muda wa kuchota ndoo mbili za maji, kwa hiyo mama yake hatoki, na mtu asiyetoka hana pa kutumia pesa za watu. Tena hakuwahi kupoteza hata senti. Jina la Mama Hazina lilianza kama utani wa mwenyekiti, likashika, hadi jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Yeye mwenyewe alipenda Jumamosi kuliko siku zote, na aliyeipenda zaidi yake ni binti. Sauti zikishakuwa nyingi chumbani, binti aliinua kichwa na kucheka. Alicheka yasipochekwa na alicheka yakichekwa, na siku hiyo alikula sahani nzima bila kubembelezwa.

Walipoondoka, mwenyekiti alibaki. Alikuwa mshonaji, mwenye kibanda cha cherehani barabara ya juu, mwanamke wa maneno makali na mikono mipole. Mama Hazina akampa simu asome.

Mshonaji akasoma mara mbili. "Kaya haina sifa. Sasa sifa wanayotaka ni ipi, au wanataka na wewe uanguke kifafa?"

"Labda wamekosea jina."

"Basi wakaambiwe. Jumatatu nenda ofisini. Nitakaa na huyu mpaka saa sita, wateja watanisubiri, nguo hazioti mabawa."

*

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa na benchi mbili na foleni ya benchi sita. Zamani, kwenye ukuta wa mbele, palikuwa na madirisha manne yenye watu nyuma yake. Sasa palibaki dirisha moja, na yale matatu yamezibwa kwa mabango ya wazee wanaotabasamu wakiwa na simu mkononi. Mama Hazina alisimama tangu saa mbili mpaka saa tano na robo.

Afisa alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia, akaandika namba ya kitambulisho, akasubiri, kisha akageuza kioo cha kompyuta kidogo ili naye aone.

"Mama, mashine inaonyesha una kipato."

"Kipato gani?"

"Kila Jumamosi pesa zinaingia kwenye laini yako, kutoka kwa watu ishirini na moja. Zikijaa, zinatoka kwa mkupuo. Mashine inaisoma kama biashara."

"Mimi? Mimi sina mbele wala nyuma, biashara nifanye wapi?" Akasogea karibu na dirisha, maana aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alikuwa amenyoosha shingo. "Hiyo ni michango ya wagonjwa na ya misiba, mwanangu. Si yangu."

"Iko kwenye jina lako."

"Kwa sababu wananiamini."

Afisa akakuna shingo. "Hilo mashine haina pa kuliandika."

"Niwalete wenzangu waseme?"

"Zamani ungewaleta. Kulikuwa na kamati, inakuja mpaka nyumbani, inamwona mgonjwa kwa macho. Sasa mfumo unajiendesha wenyewe. Unasoma simu, unaamua, unatuma ujumbe. Mimi hapa naweza kuangalia, kugusa siwezi."

"Sasa wewe kazi yako ni nini?" Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua.

Afisa akacheka kidogo, halafu akaona haya. "Kuwaeleza watu."

Mama Hazina akafikiria pasi yake. Mashati yote yale, miaka yote ile, sarafu mkononi kwa mkono, mashine haikuona hata shati moja. Kazi anayoifanya haikuonekana, na pesa isiyo yake ndiyo iliyoonekana. Angekuwa na mtu wa kumsimulia pale kwenye foleni, wangecheka.

"Nikifungua laini nyingine, hii ya chama niitenge?"

"Laini zote zinasajiliwa kwa kitambulisho kimoja. Itaziona zote." Kijana akashusha sauti. "Sikiliza, mama. Mashine hupitia upya kila baada ya miezi mitatu. Laini ikikaa safi muda huo, kitu kisiingie wala kisitoke, inaweza kukurudisha yenyewe. Na uangalie unaohusiana nao. Wakikutumia wao, wakipokea kutoka kwako, vyote inavisoma."

"Hata elfu moja ya kunyoosha nguo?"

"Hata hiyo."

*

Jumamosi iliyofuata aliwaambia. Alijikaza kisabuni, akasema yote kama alivyoelezwa, na akaomba laini ya chama ihamie kwa mwingine.

Muuza mkaa ndiye aliyeanza. Alikuwa mwanamke aliyetoa mchango wake kwa shida kuliko wote, na ndiyo maana alikuwa mkali kuliko wote.

"Miaka tisa laini haikuwa na neno. Leo imekuwa mzigo?"

"Nimeeleza, dada yangu. Ni mashine ya serikali."

"Mashine ya serikali itajuaje chama chetu? Nani kaiambia?" Akageukia wenzake. "Mimi simshutumu mtu. Ila lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Tuhesabu kwanza, ndipo laini ihamishwe."

"Huyo si mtu wa kuhesabiwa," mshonaji akasema.

"Wewe ni rafiki yake. Tuhesabu."

Wakahesabu. Walitoa daftari la mwaka huu na la mwaka jana, wakataka simu, na simu ya Mama Hazina ikatembea mkononi mwa mmoja hadi mwingine, kila mtu akishusha ujumbe kwa kidole na kuulinganisha na mstari wake. Walisoma na yasiyowahusu: ujumbe wa duka la dawa, ujumbe wa kaka yake wa mwaka juzi akisema hana kitu. Yeye alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, kama mgeni. Hakuna aliyemwambia neno baya. Walikuwa wakimpita tu kwa macho, na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Binti siku hiyo alicheka kuliko Jumamosi zote. Sauti hazijawahi kuwa nyingi namna ile.

Jioni hesabu ikatoka sawa. Ikatoka hata na ziada ndogo, ambayo baada ya kutafutwa sana ikagundulika ni pesa yake mwenyewe, aliyokuwa akiongeza kila wanapotoa ili makato yasiule mfuko. Muuza mkaa akafunga daftari. "Basi imekaa vizuri," akasema, na hakusema zaidi ya hapo.

Swali likawa nani apokee. Wengine walikopa kwa simu zao, na mikopo ya simu ikiona salio haiombi ruhusa, inakata. Ikabaki laini ya kibanda cha mshonaji. Na kwa kuwa mchango ni wa kutumwa mbele ya wote, na kibanda hakifungwi Jumamosi, siku ambayo wateja huja kupima, ikafuata yenyewe kwamba mkutano nao uhamie huko.

"Si mbali," mmoja alimwambia Mama Hazina wakati wa kutoka. "Utakuja."

"Nitakuja," akajibu, na wote wawili walikitazama kile kiti cha magurudumu.

*

Mwezi wa kwanza chama kilimpa pesa ya vidonge, taslimu, mkononi, kupitia kwa mshonaji. Mwezi wa pili haikuja. Mshonaji alifika jioni, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Wamesema ugonjwa wa kudumu si dharura. Nimebishana nao mpaka sauti ikakauka."

"Muuza mkaa?"

"Muuza mkaa kaanza, wengine wakanyamaza. Ungekuwepo wasingesema mbele yako. Asiyekuwapo na lake halipo." Akatoa karatasi ya vidonge, kumi tu, kutoka mfukoni mwake mwenyewe. "Chukua. Mwezi huu sare za shule hazijaja, la sivyo ningeongeza."

Mama Hazina akavikata vidonge kwa wembe, nusu asubuhi na nusu jioni badala ya kimoja kimoja. Alijua si sawa. Siku ya tano binti akaanguka kutoka kitini, akagonga paji la uso kwenye mguu wa meza, akauma ulimi. Mama yake akamlaza ubavu, akamshika kichwa, akahesabu kwa sauti kama alivyofundishwa hospitalini. Alihesabu mpaka mia moja na themanini. Ilipokwisha, akafuta damu, akafuta sakafu, kisha akaketi pale pale chini, asijue aanze kumweleza nani.

Simu ilikuwepo. Lakini simu ilikuwa imegeuka kitu cha kuogopwa. Mteja alipotaka kumtumia pesa ya kunyoosha, alimkatalia kwa sauti ya juu hadi mtu akadhani amemkosea. Wengine hawakuwa na sarafu, wakapeleka nguo kwa mwenye pasi ya umeme. Kijana wa ofisini alisema aangalie anaohusiana nao. Hakufafanua kama kupiga tu nako ni kuhusiana, na yeye hakutaka kujaribu. Basi akaacha kupiga. Na watu wako hivi: usipowapigia mwezi mmoja wanasema una shughuli, mwezi wa pili wanasema umebadilika, wa tatu hawasemi.

Jumamosi saa tisa binti aliinua kichwa na kutazama mlango. Hakuna aliyemfundisha siku wala saa, lakini alijua. Alitazama mpaka jua likahama ukutani. Mama Hazina akajaribu kumwigizia. Akaigiza mwenyekiti akikemea, akaigiza muuza mkaa akilalamika makato, akaingia na kutoka mlangoni mara nne akibisha hodi na kujikaribisha mwenyewe. Binti alimtazama kwa makini, hakucheka. Chakula kilirudi nusu.

"Hata mimi nisingecheka," Mama Hazina akamwambia.

Alikuwa mpweke, na sasa alilijua neno hilo lina uzito gani. Zamani alidhani upweke ni kukosa mtu wa kuongea naye, na kuongea alikuwa amezoea kuongea peke yake. Kumbe ni kukosa mtu wa kukuhitaji kwa lolote. Kwa miaka tisa watu ishirini na moja walikuwa hawawezi kuimaliza wiki bila yeye. Sasa waliimaliza.

*

Ujumbe ulikuja mwanzoni mwa mwezi wa nne: Ndugu mnufaika, kaya yako imekidhi vigezo. Fika ofisini na mlemavu kwa uhakiki. Asante kwa ushirikiano.

Kulikuwa na mitaro miwili njiani, na kiti kile hakivuki mtaro bila watu wawili. Akavaa viatu, akapiga moyo konde, akamwacha binti kwa muda wa ndoo mbili, akakimbia mpaka barabara ya juu. Mshonaji alikuwa na mteja mwenye gauni la sherehe mwilini, sindano zimejaa kiunoni. Aliposikia, akamvua yule mteja gauni.

"Rudi kesho," akamwambia. "Nina mgonjwa wangu."

Akafunga kibanda. Katika miaka yote Mama Hazina hakuwahi kukiona kibanda kile kimefungwa mchana. Walimsukuma binti kwa zamu, wakamvusha mtaro wa kwanza kwa kuhesabu, na wa pili bila kuhesabu. Mshonaji alisema njia nzima. Alisema kuhusu muuza mkaa, ambaye sasa anataka daftari lihesabiwe kila wiki. "Nimekuwa mwizi wa zamu," akasema, na Mama Hazina akacheka kwa sauti, na binti, kwa kusikia sauti mbili juu ya kichwa chake, naye akacheka.

Ofisini kijana yule yule alikuwa dirishani. Aliwaingiza kwa mlango wa pembeni kwa ajili ya kiti. Akampiga binti picha, mara mbili, maana ya kwanza kichwa kilishuka. Kisha akaandika, na uso wake ukakunjuka.

"Hongera, mama. Laini yako ni safi kabisa. Miezi mitatu haijaingia kitu, haijatoka kitu. Mwezi wa mwisho hata simu hukupiga." Alisema kama mwalimu anayesoma matokeo mazuri. "Pesa itaingia tarehe tano. Ikikaa hivi hivi, haitakatika tena."

"Ikae hivi hivi mpaka lini?"

Kijana akarudi kwenye kioo. "Imebaki sehemu moja tu. Mpya hii. Mtu wa karibu. Jina na namba yake ya simu, ikitokea dharura kwako, tumpigie kwa ajili ya binti."

Namba ya mshonaji alikuwa nayo kichwani. Aliijua kabla hajaijua ya kwake. Akafungua mdomo, akataja tarakimu tatu za mwanzo, akasimama.

"Nikiitaja hii namba, mashine itaiangalia?"

"Itaiunganisha na kaya yako. Ndivyo inavyofanya kwa wote."

"Hata kama ndani yake mna pesa za watu wengine?"

Afisa akamtazama yeye, akamtazama mwanamke aliyesimama nyuma ya kiti, akaelewa. Akayashusha macho kwenye vitufe. "Haitajua kama ni za wengine, mama."

"Basi paache wazi."

"Pakiwa wazi haikubali."

Nyuma yake mshonaji alikuwa akimfuta binti mate kwa ncha ya mtandio. Mama Hazina alisikia kitambaa kikisugua kidevu, polepole, halafu akasikia kimesimama. Angegeuka, asingeweza kusema. Akaukazia macho ule ukuta mbele yake, akavikumbuka vidonge vilivyokatwa kwa wembe.

"Andika hakuna," akasema.

Kijana akaandika. Mashine ikakubali papo hapo.